Kisanduku cha Ndugu

Tulipomzika Baba mdogo mwaka jana, matanga yalifanyika katika ukumbi wa parokia huko Berchem, hapa Ubelgiji. Nilifika nimechelewa kwa sababu ya tramu, nikasimama mlangoni na sahani ya wali mkononi nisijue pa kukaa. Viti vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, ya mbele ikiwa ya watoto wa marehemu na zilizofuata za jamaa na marafiki. Kwetu sisi wa Bukavu hapo hapana swali. Mtoto wa kaka wa marehemu ni mtoto wa marehemu, anakaa mbele na analia mbele. Neema, binti yake mkubwa, alikuwa kwenye kiti cha pili kutoka mwisho wa safu ya mbele, na kile cha pembeni yake kilikuwa wazi, ila juu yake kulikuwa na mkoba. Alinitazama. Mkoba hakuutoa. Sikumlaumu, nikaenda kukaa nyuma na kula wali uliopoa, na tangu siku ile sijatulia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina umri ambao wanafunzi wangu wanauita uzee, na darasani nikisema kaeni wanakaa. Lakini kiti kimoja kimenirudisha kwenye mwaka wangu wa kwanza wa sekondari, mwaka nilioupitisha wote nusu nimekaa, nusu nimesimama.

Lazima nieleze habari ya namba, na nitaieleza mara moja tu. Katika mji huu kila mtaa una namba yake, wanaiita indice. Serikali inatazama watu wa mtaa wamesoma kiasi gani, wanafanya kazi gani, wanaishi vipi, halafu inaupa mtaa namba. Mtoto anabeba namba ya mtaa wake kwenda nayo shuleni bila kujua, na shule nayo inapimwa kwa watoto iliyo nao. Shule ya namba ndogo huongezewa walimu, na shule ya namba kubwa huongezewa wazazi mlangoni. Miaka ile wazazi waligombea shule chache kama watu wanaogombea basi la mwisho, na ndipo ikatoka amri kwamba shule hizo, ambazo zote zinalipiwa na serikali ileile, ziache kujichagulia watoto. Sasa zilitakiwa kuwapa nafasi kwanza wale wenye kaka au dada humo ndani, na pia kutenga nafasi kadhaa kwa wanaotoka shule za msingi za namba ndogo. Fomu ya kuandikisha ikawa na visanduku, unaweka alama palipo pako. Shule iliyotajwa nyumbani kwetu kila Jumapili ilikuwa upande wa juu wa mji, si mbali na uwanja wa Flagey. Ilianzishwa na wazazi na walimu waliochoshwa na shule za kawaida. Neema alikuwa anasoma pale, aliingia kabla ya amri, kwa bahati tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikutaka kitu kingine duniani.

Fomu ilijazwa kwenye meza yetu ya Laeken, Jumapili moja baada ya misa. Baba mdogo ndiye alikuwa msomaji wa karatasi wa ukoo mzima. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, na Kifaransa chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mama alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na bugali, na sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, ambazo mtu alituletea kutoka Kivu ndani ya sanduku la nguo, kiasi kwamba mashati ya mtu yule yalinukia ziwa mwezi mzima. Neema alikuwa jikoni anaosha vyombo. Mimi, Furaha wao, nilipewa kazi ya kuvipangusa, lakini nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha mlango na sahani moja, nikiizungusha, masikio yote mezani.

"Hapa banauliza kama mutoto anatoka ku masomo yenye indice ya chini," Baba mdogo alisoma.

"Chini ya nini?" Mama akauliza.

"Chini tu, shemeji. Ni namna yabo ya kusema."

"Furaha iko wa kwanza ku kalasi. Siwezi andika kama mutoto yangu anatoka chini. Ruka."

Baba mdogo akaruka. Kisanduku kilichofuata kiliuliza kama mtoto ana kaka au dada katika shule hiyo. Mama alimtazama shemeji yake kama mtu aliyeulizwa kama ana kichwa. Si Neema iko kule, akasema, alors unauliza nini? Nilimwona Baba mdogo akikohoa. Kalamu ilisimama hewani kidogo, kisha akaweka alama. Nimekitafakari sana kikohozi kile. Yeye alijua. Kila siku alikuwa na wazee wa Kibelgiji, alijua wao wanamwita nani dada na nani wanamwita jina jingine. Lakini angesemaje, mezani kwa shemeji yake, mwanawe mwenyewe akisikiliza kutoka jikoni, kwamba Neema si dada yangu? Kwa lugha yetu hakuwa hata na neno la kulisemea. Neno binamu mimi nimekutana nalo ukubwani, kitabuni. Nyumbani mtoto wa baba mdogo ni ndugu, amekuzidi umri ni mkubwa wako, umemzidi ni mdogo wako, basi. Aliyeandika fomu ile na aliyeijaza wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Hata majina hayakutukwamisha. Mimi na Neema hatukuwa na jina moja la ukoo, na karani wa shule alilitambua hilo mara moja. Mama akamweleza, mimi nikitafsiri, kwamba Kongo kila mtoto hupewa jina lake, hata wa tumbo moja. Ni kweli, na karani alikuwa na familia nyingine ya hivyo kwenye faili zake, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa na kugonga muhuri. Mama alirudi nyumbani akiimba.

Shule ile ilinichanganya tangu asubuhi ya kwanza. Darasa halikuwa na safu, lilikuwa na zulia, na tulikaa duara tukisimuliana habari za nyumbani kabla ya somo. Walimu tuliwaita kwa majina yao ya kwanza. Nilipomwambia Mama kwamba makamu mkuu wa shule anaitwa Nadine na kwamba tunamwita Nadine, aliweka mwiko chini. Akaniuliza kama na yeye nitaanza kumwita jina lake nikirudi jioni. Neema ndiye aliyenifundisha kuishi mule. Alitoka kwao Berchem kwa tramu, mimi natoka Laeken kwa tramu na basi, tunakutana Flagey karibu na kibanda cha chipsi, ananifunga skafu upya hata kama imefungika vizuri, kisha tunapanda pamoja. Saa ya kula wenzangu walifungua mikate ya jibini na karoti mbichi, na mimi nilikuwa na mandazi. Siku ya kwanza nilikula nimejificha, siku ya pili Neema akaja na kuyauza, andazi moja kwa biskuti mbili za chokoleti, na baada ya wiki watoto walikuwa wananisubiri. Kila aliyeuliza, Neema alimwambia bila kufikiri: huyu ni mdogo wangu.

Jambo moja nalisema kwa sababu nimejiahidi kutojipendelea humu. Karibu na vigingi vya makoti niliwasikia mama wawili wakizungumza, wakisubiri watoto wao. Mmoja alisema mwaka huu kiwango kitashuka, na hawa watoto wa amri. Mwenzake akasema binti yake anakaa na msichana mmoja Mwafrika, mwerevu sana, lakini huyo si wa amri, ni mdogo wa mwanafunzi aliye hapa tangu zamani. Nilikuwa nyuma ya koti langu mwenyewe. Nilifurahi. Nilitoka pale nimenyoosha shingo, na siku zilizofuata nilihakikisha kwenye duara sikai karibu na wale watatu ambao kila mtu alijua ni wa amri, hasa msichana mmoja aliyeitwa Ilham, aliyejaribu kufanya urafiki nami mara mbili kwa heshima kabisa. Yeye alitoka shule ya msingi mitaa miwili tu kutoka yangu. Namba yetu ilikuwa moja. Leo nikiwa na akina Ilham darasani kwangu, kila Septemba tunapoletewa namba ya shule yetu, naikumbuka shingo yangu ile na kuona haya.

Barua ilikuja mvua za Novemba zikiwa zimeanza. Mzazi mmoja ambaye mtoto wake alikuwa kwenye orodha ya kungoja alikuwa amelalamika, na shule ikatakiwa kukagua waliopita kwa kisanduku cha ndugu. Walitaka karatasi ya komini, serikali ya mahali unapoishi, inayoorodhesha watu wa nyumba moja. Karatasi yetu ilikuwa na majina mawili, la Mama na langu. Mama alinitaka nimsomee barua mara tatu, akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha televisheni, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuitazama televisheni ile kwa raha. Baba mdogo alikuja, wakakaa. Akasema njia ya mwongo ni fupi, shemeji, tuwaeleze mapema. Mama akamuuliza mwongo ni nani katika nyumba hii. Mwishowe Baba mdogo akaandika barua ndefu, nzuri, akieleza desturi yetu, baba mkubwa na baba mdogo, nani ni mtoto wa nani. Niliisoma kwa kificho na nilijivunia. Haikujibiwa.

Mimi nilikuwa roho juu. Mlango wa darasa ukifunguliwa, nasimama. Nilijua vigae vya korido kutoka darasani hadi ofisini ni vingapi, nilijua basi gani lingenipeleka shule nyingine kama ningetolewa, nilijua hata rangi ya lango la shule ile nyingine, kwa maana Jumamosi moja nilikwenda peke yangu kulitazama na kurudi. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba naanza swali la tatu kabla ya kumaliza la pili. Krismasi ikapita hivyo. Jumatatu moja baada ya likizo, Neema alinikuta Flagey, akanifunga skafu, tukapanda pamoja. Tulipofika langoni akanishika mkono.

"Bakikuita, usiogope," akasema. "Sema tu ile ya nyumbani."

Waliniita kesho yake. Ofisi ya Nadine ilikuwa na joto, mimea dirishani, bati la biskuti na pakiti ya karatasi za kufutia machozi, imewekwa mahali ambapo huwezi kuikosa. Laiti angekuwa mkali. Alikuwa mpole, aliniambia anapenda ninavyofanya kazi na kwamba hakuna anayetaka kunifukuza. Kisha akaeleza kwamba kuna njia. Kama mimi sina dada humu shuleni, basi nafasi yangu ya ndugu inafutwa, ni lazima. Lakini shule niliyotoka Laeken ilikuwa ya namba ndogo, na zile nafasi zilizotengwa kwa watoto wa namna hiyo hazikujaa. Ningehamishwa tu kutoka kisanduku hadi kisanduku, na Mama angetia saini. Alichohitaji kwangu ni ukweli. Neema ni dada yako?

Nimesahihisha maelfu ya majibu katika kazi yangu, na najua jibu la mtoto asiyejua likoje, na la mtoto anayejua likoje. Mimi sikusita hata kidogo. Nilikuwa nimeshaona lango la shule ile nyingine. Nilisema hapana, kabla hata hajamaliza kuuliza, kwa Kifaransa changu kizuri cha wa kwanza darasani. Nikasema ni cousine, yaani binamu.

Nadine aliandika. Halafu akavuta karatasi iliyokuwa chini ya ile, akaitazama kwa muda, akaniambia kwa huzuni ambayo naamini ilikuwa ya kweli kwamba jana alimwuliza Neema swali lilelile. Neema alisema mama mmoja, baba mmoja. Alimwuliza mara mbili, akimpa nafasi ya kufikiri, na mara zote mbili alisema hivyohivyo. Nilikula biskuti. Sijui kwa nini nakumbuka hilo, lakini nilikula biskuti, na ilikuwa tamu.

Mama aliitwa Ijumaa. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kisigino, akakaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba magotini. Mimi nilikuwa mkalimani. Nadine akaeleza, nikatafsiri, Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kubadilika uso. Kisha akamsogezea fomu kidogo, bila kuigusa kalamu, akanigeukia.

"Umwambie Neema ni dada yako," akasema. "Aandike ile kwanza. Kisha nitasaini kusema unatoka chini, hata chini ya udongo, minasaini. Lakini aandike ile kwanza."

Nadine alinitazama akisubiri. Nilikuwa na maneno yote. Kifaransa kina maneno ya kutosha kwa jambo lile, Baba mdogo alikwishayaandika kurasa mbili nzima. Niliona Nadine atachoka na sisi, ataona familia hii haieleweki, atafunga faili. Nikamwambia kwamba Mama anasema asante sana.

Nadine akatabasamu, akasema hakuna shida, Madame. Mama hakujua Kifaransa kingi, lakini merci aliijua, alikuwa anaisema kila siku kazini kwake, na alijua kwamba alichosema yeye hakikuwa kifupi kiasi kile. Alinitazama kwa muda mrefu. Hakunigombeza, si pale wala nyumbani. Akachukua kalamu akatia saini kwa herufi kubwa kubwa, kama mtu anayeandikia wasioona, na njia nzima ya kurudi Laeken alitazama nje ya dirisha. Ningependelea anipige.

Neema alipewa siku tatu za kukaa nyumbani kwa kusema uongo mbele ya makamu mkuu, na karatasi ikaingia kwenye faili yake. Aliporudi hakunikwepa, hilo lingekuwa afadhali. Alinisalimia, alinipisha mlangoni, aliniuliza habari za Mama. Ila asubuhi Flagey hakuwepo tena, alianza kupanda tramu ya mapema zaidi. Nikajifunga skafu mwenyewe na kila mara ikawa imebana. Mandazi niliacha kuyabeba. Ilham alinikaribisha kando yake kwenye duara, na nikakaa, kwa kuwa sasa nilikuwa wa amri na kila mtu alishajua. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na watu wazima wetu walilima kweli, Jumapili ziliendelea, sombe iliendelea, Baba mdogo aliendelea kuniita mwanangu. Sisi wawili tulikuwa tunaosha vyombo pamoja bila kugombana hata kidogo.

Mwezi wa Juni mkuu wa shule aliwaita wazazi ukumbini. Alionyesha ukutani michoro ya rangi: watoto wanatoka mitaa gani, wamefaulu kiasi gani, wale wa nafasi zilizotengwa wamefanyaje wakilinganishwa na wenzao. Alisema waliohofia kiwango kushuka sasa waone wenyewe. Watu walipiga makofi. Yule mama wa kwenye makoti naye alipiga. Mimi nilikuwa ndani ya mchoro ule, kwenye nguzo ya kijani, na nilikuwa nimeivuta juu kwa alama zangu. Neema hakuwa ukumbini. Baraza la walimu lilikuwa limeamua kwamba hataendelea pale, atakwenda shule ya ufundi upande wa Anderlecht. Hakuna aliyesema ni kwa ajili ya ule uongo. Alama zake za hesabu na Kiholanzi zilitosha kumwondoa, na mwaka uliotangulia zilikuwa mbaya vilevile na hawakumwondoa. Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya walimu tangu hapo. Najua karatasi moja ndani ya faili inavyoweza kuongea wakati watu wote wamechoka na wanataka kwenda kula. Hiyo ndiyo inayoniinua kitini, kwamba sitajua kamwe.

Jumapili iliyofuata Baba mdogo alifanya karamu Berchem kwa ajili ya kufaulu kwangu. Kulikuwa na Fanta, kuku, ndizi za kukaanga, na majirani wawili wa jengo lile walioalikwa wanione. Alinisimamisha katikati ya sebule akasema huyu mtoto wetu, na akasoma alama zangu kwa sauti, somo kwa somo. Kuhusu Neema alisema tu kwamba Mungu ana njia nyingi. Neema alikuwa ameketi kwenye mkono wa sofa, akapiga makofi na wengine, kisha akaniita chumbani. Kitandani alikuwa amepanga madaftari yake ya hesabu ya mwaka wa pili, kikokotoo cha michoro na bikari katika kasha lake, vitu vyote safi, pembe za madaftari zimenyooshwa. Akavikusanya kifuani na kunisogezea.

"Nitafanya navyo nini kule?" akasema.

Nilitaka kumwita dada. Neno lilikuwa mdomoni, nilikwisha kulifungulia mdomo. Yeye alikuwa ananitazama bila hasira yoyote, kama mtu anayempa mgeni koti lake mlangoni.

"Kamata," akasema. "Kamata, cousine."

Nikapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa kupokea kwa mkubwa wako.